Kukata Zege Mahali Pasipogeuka Mtu

Vijana wa karakana, tangu nirudishe ufunguo wa stoo mmeniuliza mara kadhaa kwa nini sakafu ya zege, nzuri, imeshakauka, mtu aje aikate tena kwa mashine. Mnauliza mkicheka. Wenye majengo nao huuliza hivyo hivyo, ila wao hawacheki. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Msamala, asubuhi sina pa kuwahi, kwa hiyo nimekaa mezani niwajibu kwa kirefu. Nitaanzia pale nilipoanzia mimi. Habari za vyeo mtaniwia radhi. Vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kukata.

Nilitoka Madaba na begi moja la nguo na maneno mengi. Nyumbani nilikuwa nimeaga kwamba nakwenda Songea kuendesha mashine. Karakana wakati huo ilikuwa Lizaboni, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na aliyenipokea alikuwa Mzee Yasini, Myao wa Tunduru, mtu mfupi, mpole, asiyevua kofia yake ya kitambaa hata akiwa chini ya jua kali. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitazama mikono yangu, akanipa ndoo.

"Mashine nitaiona lini, mzee?"

"Leo. Utaimwagilia maji."

Ndiyo ikawa kazi yangu kwa muda mrefu: kutembea pembeni ya mashine nikitiririsha maji kwenye diski, isiungue, na vumbi lisipande. Diski ya kukatia zege ina chembe za almasi ukingoni. Nilipopeleka salamu Madaba kwamba nashinda nikiosha almasi, sikudanganya, na wao walichoelewa ni juu yao.

Siku hiyo hiyo ya kwanza Mzee Yasini alinivua viatu. Tulikuwa kwenye uwanja wa ghala la mahindi, msimu wa baridi, na mnajua asubuhi za Songea zinavyokuwa mwezi wa saba. Alinisimamisha juu ya sakafu mpaka nyayo zikafa ganzi. Mchana jua lilipokolea akanirudisha palepale, tena peku.

"Tofauti umeiona?"

"Asubuhi ilikuwa baridi. Sasa inachoma."

"Na kitu kikipata moto kinafanyaje?"

"Kinatanuka."

"Kikikosa pa kutanukia?"

Akanipeleka mwisho wa uwanja, sakafu ilipokutana na ukuta wa ghala. Ukuta ulikuwa umepasuka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, ufa wa kuingiza kidole. "Kinachukua nafasi ya mwenzake," alisema. Somo lote la jointi ni hilo. Sakafu ndefu lazima iachiwe uwazi, ukatwe hadi chini kabisa, ujazwe kitu laini kama ubao wa nyuzi na kuzibwa juu kwa lami au dawa ya mpira. Ule mkato mfupi wa juu juu, ambao tunaukata zege likiwa changa, ni habari nyingine: ule unaliambia zege lipasukie wapi. Mkiichanganya mikato hii miwili, mtarudi kwa mwenye jengo, na hatawapa chai.

Kukata uwanjani si kazi ya kusimulia. Unapiga kamba ya chaki, unafuata mstari, mashine inakwenda kama plau. Shida ni penye nafasi finyu. Mashine ya kusukuma ina mwili wake. Diski ni duara na ina kifuniko. Ukifika ukutani, kipande cha mwisho hakikatiki. Hapo inawekwa pembeni mashine kubwa na kushikwa ile ya mkononi, na mashine ya mkononi ikishtuka, wa kuipokea ni wewe. Mimi nilikuwa mwembamba, na wembamba ukawa ndio cheti changu. Palipohitajika mtu wa kuingia nyuma ya tangi, chini ya ngazi, au kati ya jokofu na ukuta kwa muuza soda aliyekataa katakata jokofu lisogezwe, niliitwa mimi. Mwenzangu Kastori, tuliyeanza naye karibu wakati mmoja, alikuwa na mabega ya kubeba gunia mbili na sauti ya besi kwenye kwaya ya parokia. Yeye alikaa nje, akasimamia umeme na maji. Miaka yote niliyoingia kwenye tundu lolote, mkono uliokuwa kwenye swichi ulikuwa wa Kastori, na sikuwahi kugeuka kuhakikisha.

Katika kazi zote hizo, moja nataka niieleze vizuri.

Ilikuwa hospitali ya misheni nje ya mji. Walikuwa wamejenga njia ya zege kutoka wodini kushuka hadi chumba cha upasuaji, ili machela zisipite kwenye matope. Njia ndefu, iko juani kutwa, na haikuwa na jointi hata moja. Ilimwagwa wakati wa baridi, na aliyeimwaga alikuwa ameshahama mkoa. Mwisho wake njia ile iliingia kwenye kichochoro kati ya ukuta wa chumba cha upasuaji na tangi la maji la zege, upana wa machela na vidole vya wabebaji, kisha ikagota kwenye kizingiti cha mlango. Joto la mwezi wa kumi lilipoingia, njia nzima ilianza kusukuma kizingiti. Fremu ilijipinda. Ikifika saa nane mchana, mlango ulikuwa unafunguliwa kwa bega.

Aliyetuita ni Sista Imelda, mtawa na mkunga, msimamizi wa wodi ya wazazi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kurudia neno. Wiki ile walikuwa wamehangaika na mlango huo huku mgonjwa yuko nje kwenye machela. Kulikuwa na mlango mwingine, wa wafanyakazi, ila ulikuwa na ngazi na kona, na machela haikupita.

Injinia wa ujenzi, mama mmoja makini sana, alikuja kupima pamoja nasi. Tungeweza kukata kule juu, kwenye uwazi, mtu anakosimama vizuri na kujinyoosha. Lakini chini ya sehemu ile yalipita mabomba ya maji na nyaya za umeme, na aliyezifukia hakuacha alama. Akasema tukikata kule kwa kubahatisha, tunaweza kuizima hospitali nzima. Mahali pekee palipojulikana kuwa hapana kitu ni ndani ya kichochoro, hatua moja kabla ya mlango. Mzee Yasini, ambaye sasa alikuwa amezeeka na ndiye msimamizi wetu, alikubaliana naye. Wote wawili wakanigeukia mimi.

Mashine ya petroli tuliikataa mapema. Moshi wake ungeingia moja kwa moja kwa wagonjwa, na kichochoroni ungenimaliza mimi kwanza. Tukachukua ya umeme, jenereta likawekwa mbali, waya ukatundikwa ukutani usiguse maji. Tukapanga kuanza alfajiri, pakipambazuka tu, kwa sababu zege likiwa baridi limejikunyata, na mkato unabaki wazi. Ukikata sakafu iliyobanwa wakati wa joto, inafumba na kuibana diski, na diski iliyobanwa hurusha mashine kwa mshikaji.

Tabu ya kichochoro ilikuwa hii. Kwa kawaida mkataji hukaa nyuma ya mashine na kufuata mstari. Pale mstari ulitoka ukuta hadi ukuta. Ili niufuate ningepaswa kuwa ndani ya ukuta. Ikabidi nipige magoti kando yake, niishike mashine kwa mikono iliyopinda, nguvu nusu. Niliingia nimeelekea mlangoni, na kutoka ni kurudi kinyumenyume. Kugeuka hakuna.

Tulipanga mistari miwili sambamba, kisha kung'oa ule utepe wa zege katikati, ubaki uwazi. Mstari wa kwanza ulishuka vizuri. Wa pili nilikuwa nimefika nusu ya kina, na vipande vya pembeni kwenye kuta zote mbili bado havijaguswa, Kastori alipozima umeme.

"Gaudensi, toka," aliita. "Kuna mgonjwa."

Nilirudi nyuma kwa magoti. Sista Imelda alikuwa ameshasimama mdomoni mwa kichochoro, na nyuma yake machela. Mama aliyelala juu yake alikuwa mtu mzima kidogo, ameuma pindo la kanga, macho yamefumba.

"Fundi, nahitaji kupita sasa," alisema Sista. "Mtoto amekaa vibaya, na mapigo yake yanashuka."

"Sakafu nimeikata nusu, Sista."

"Itabeba?"

"Tukiweka mbao, itabeba."

Tukalaza mbao. Kastori akashika machela upande wa kichwa, akapita kichochoroni kwa ubavu kama aliyebeba mayai, huku akiongea na yule mama kwa sauti ya kawaida tu, kwamba wamefika, ni hapa tu. Mlango ulifunguka kwa bega lake, ukafungwa nyuma yao. Kastori akatolewa kupitia mlango wa wafanyakazi, na sisi tukaambiwa tunyamaze. Mashine isiwashwe mpaka upasuaji uishe.

Tukakaa chini. Na jua likatoka.

Nilianza kusikia kabla sijaona. Ule mkato wa kwanza ulikuwa unafumba, na chembe za mchanga zilikuwa zikisagika ndani yake. Nikaingiza kadi ya simu, ile ya kukwangua, iliyokuwa imepita kwa urahisi asubuhi, haikupita. Mjue kilichokuwa kinatokea: sakafu sasa ilikuwa imeshikwa na vile vipande viwili vya pembeni, na msukumo wa njia nzima ulikuwa unapitia hapo. Kimoja kilikuwa kando ya tangi. Cha pili kilikuwa upande wa ukuta, karibu na mguu wa fremu ya mlango. Tulikuwa tumeikata njia ipumue, na kwa sababu tumesimama katikati, ilikuwa inasukuma palepale tusipopataka. Plasta ikadondoka juu ya mlango. Kipande kidogo, kama ganda la yai.

Mzee Yasini alikitazama. "Mlango huu ukikwama na wao wamo ndani," alisema, "mama yule anatokea wapi?"

"Tuung'oe bawaba," Kastori alisema.

Akaenda kujaribu. Mlango ulikuwa umeshabanwa. Skrubu zilizunguka, ubao haukutoka.

Mzee Yasini akazunguka upande wa wafanyakazi, akabisha kwa ukucha. Alirudi na Sista Imelda, amevaa barakoa, mikono ameinua juu.

"Niambie kwa ufupi," aliniambia.

"Nahitaji kumalizia vipande viwili. Kwa tindo na nyundo, bila mashine. Nisipofanya, mlango utakwama na ukuta wa juu utapasuka."

"Itatikisa?"

"Kidogo. Nitagonga kwa upole."

Aliingia. Hakukawia. "Daktari anasema endelea. Akitaka usimame, nitagonga mlango kwa ndani. Ukinisikia, simama papo hapo."

Nilizungushia kichwa cha tindo kitambaa cha gunia kilicholowa maji, nikaingia. Kupiga magoti hakukunisaidia tena, kwa sababu kipande kilikuwa kwenye kona, chini kabisa. Nikalala ubavu, shavu kwenye tope la zege, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Nyundo haikuwa na pa kuinuka. Niliigongesha kwa kifundo cha mkono tu. Mzee Yasini akaingia nyuma yangu, akaketi, akanishika vifundo vyote viwili vya miguu.

"Ukuta ukisogea nakuvuta," alisema. "Usibishane na mimi."

"Sitabisha."

"Anza upande wa tangi. Wa mlango uuache mwisho."

Nikaanza upande wa tangi. Zege lile lilikuwa zuri, nasema kweli; aliyelimwaga alisahau jointi lakini saruji hakuiba. Kokoto ziling'ang'ana. Mzee akiona napumua vibaya alinibana kifundo, nami nikasimama. Akiachia, naendelea. Nje Kastori alikuwa anamwaga maji kwenye njia, ndoo baada ya ndoo, ili jua lisiipate sana. Hakuna aliyemwagiza. Nilisikia maji yakishuka na kupita chini ya mbavu zangu, ya baridi, na nikamshukuru kimoyomoyo huku nikitetemeka.

Upande wa tangi ukaachia. Nikajisogeza kwenye fremu. Hapo niliogopa, na sioni sababu ya kuwaficha. Nilikuwa nimelala chini ya ukuta uliokuwa ukidondosha plasta masikioni mwangu, na upande wa pili wa ubao nilisikia vyuma vya daktari vikiwekwa kwenye sinia. Kila nikigonga nilijiuliza mkono wake uko wapi. Nikawa nasubiri sinia ilie, nijue mkono wake uko hapo, nagonga, inanyamaza, nasubiri. Sijui kama ilisaidia. Ilinisaidia mimi.

Kisha tindo likazama ghafla. Sakafu ikatoa sauti nzito ya chini, kama gunia la mahindi linapotuliwa, na nikaiona ikisogea. Kidogo tu, unene wa ukucha. Utepe wa katikati ukapasuka vipande, uwazi ukabaki, na ile fremu juu yangu ikalia na kujinyoosha. Mlango wenyewe ukajifungua kidogo, upana wa kidole, bila kuguswa na mtu.

"Utepe umetoka?" Mzee Yasini aliuliza.

"Umetoka."

"Basi usigonge tena."

Sikugonga. Nilibaki nimelala vilevile. Mtoto alilia tukiwa katika ukimya huo. Alilia kwa hasira, mfululizo, na Mzee Yasini akaniachia vifundo, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Nje Kastori aliitua ndoo yake chini, nikasikia mpini ukianguka.

Mama alipotolewa, Kastori ndiye aliyeshika tena machela. Mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama nje, nimepakaa tope kuanzia sikio hadi kiatu. Mama alikuwa macho. Walikuwa wamemtia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu. Akaomba machela isimame.

"Ni wewe uliyekuwa unagonga, baba?"

"Ni mimi. Pole sana kwa usumbufu."

"Nilikuwa nakusikiliza. Ulipoacha nikajua kuna kitu kimeisha. Sikujua kama ni chako au ni changu." Alikuwa anatabasamu, midomo mikavu. "Kumbe vyote."

Sista Imelda alituletea chai na viazi, akatuamuru tule kabla ya kunawa uso, kwa kuwa, kama alivyosema, kunawa kungeweza kusubiri. Tulirudi asubuhi zilizofuata kupanua uwazi ule vizuri, kuujaza na kuuziba. Injinia alipata ramani ya mabomba kwa kuchimba polepole, tukakata jointi nyingine kule juu, tumesimama wima kama watu. Mlango ule haukuhitaji bega tena.

Baada ya hapo niliongeza jambo moja kwenye kazi yangu, nanyi naomba mlichukue. Kabla ya kupima kina na kuchagua diski, ulizeni nani anapita hapo, na akihitaji kupita katikati ya kazi atapita vipi. Msianze mkato msioweza kuumaliza kabla ya jua. Mahali pasipogeuka mtu, aingie mmoja, na wa pili amshike miguu. Masikio mzibe. Mimi niliziba nikiwa nimechelewa, na sasa mke wangu akiniita kutoka jikoni nasikia vokali tu.

Mzee Yasini alirudi Tunduru kwenye mikorosho yake. Nikakabidhiwa usimamizi wake, nami nikawa wa kuwaingiza wengine kwenye matundu. Kwa miaka iliyobaki nilikata sakafu za shule, za masoko, za maghala, na nyingi hazina hadithi, jambo ambalo fundi anapaswa kulishukuru. Lakini niwaambie kitu ambacho sikuwahi kukisema karakanani: kila asubuhi ya kazi ya mahali finyu nilikuwa nashindwa kunywa chai. Sikuigusa mpaka mtu wa mwisho ametoka. Niliishi hivyo nikaona ni kawaida, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Siku niliyostaafu nilimpigia Mzee Yasini simu. Sauti yake imepungua lakini akili iko palepale. Nikampa shikamoo, nikamwambia leo nimemaliza. Nilidhani ataniuliza habari za karakana, nani ameshika nafasi yangu, mashine gani mpya zimeletwa. Hakuuliza.

"Wale watu uliokuwa unawaingiza ndani miaka yote hiyo," alisema, "walitoka wote?"

Ilinibidi nifikirie. Nikapita kwenye matundu yote kichwani: nyuma ya matangi, chini ya ngazi, vichochoroni. Nikawaona mmoja mmoja wakirudi kinyumenyume kwa magoti, weupe kwa vumbi.

"Wote, mzee."

"Na mikono yao?"

"Na mikono yao."

Nilisikia kuku na mtu akifagia. "Basi kaa chini, mwanangu," alisema. "Kunywa chai."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mke wangu akaniletea chupa na kikombe, nikanywa, nikaongeza, nikanywa tena, mpaka chupa ikaisha.